Kiti cha Nyuma

Tangu mwaka walipooana, Eluned alikuwa wa kiti cha nyuma kwenye baiskeli yao ya watu wawili, na hakuwahi kulalamika. Mbele alikaa mumewe, Hefin, mwenye usukani, gia na breki. Kazi ya Eluned ilikuwa kukanyaga na kutii. Hefin akisema "Tuta," anajiinua kitini. Akisema "Kichwa," anainama, maana njia ya kando ya mfereji wa boti wa Brecon hupita chini ya madaraja ya mawe, mafupi, na aliyeyajenga hakuwafikiria watu warefu. Faida yake ilikuwa moja tu: kutazama huku na huku apendavyo, kwa sababu mbele yake hapakuwa na kitu ila mgongo wa mumewe.

"Korongo, upande wa kulia, kwenye matete," angesema. "Umemwona?"

"Nimemwona," Hefin angejibu.

Kila Mei, vitunguu pori vinapochanua na njia nzima kunukia kama jikoni, walifuata mfereji mpaka kijiji cha Talybont, wakanywa chai, kisha wakapanda njia ya reli ya zamani hadi kileleni, juu ya bwawa, mahali pasipofika gari. Jioni wakarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yao. Nyingine zote waliwaachia wajukuu.

Mwaka huu walianza vizuri kama kawaida. Hefin alitangaza madaraja yote, akapiga kengele kwa kila mwenye mbwa. Karibu na kijiji cha Pencelli, mwenye boti mmoja alikuwa ametundika koti lake la mvua na kofia juu ya gogo la kufungia boti. Hefin akapunguza mwendo.

"Habari za asubuhi, bwana," akaliambia gogo. "Samahani kidogo, tunapita."

Walipokwisha kupita akaguna. "Watu wa siku hizi. Hata kuitikia salamu ni kazi."

Eluned alicheka hadi akaacha kukanyaga. Mumewe alikuwa na mizaha yake, na huu ulikuwa mzuri.

"Unacheka nini?" akauliza Hefin.

Hapo kicheko kikamkauka. Yakamjia yote kwa mkupuo: namna Hefin alivyokuwa akiinamisha kichwa upande mezani, kama kuku anayechungulia punje, magazeti yaliyokaa bila kufunguliwa, gari alilomwachia yeye tangu majira ya baridi, eti mgongo unamsumbua. Na yale madaraja. Alikuwa akiyatangaza kwa kukumbuka, si kwa kuona.

"Simamisha, Hefin."

"Tuko karibu kufika, mke wangu."

"Nimesema simamisha."

Walishuka. Maji yalikuwa hatua moja kutoka kwenye tairi, na Eluned aliyatazama kwa hasira.

"Yule uliyemsalimu ni koti."

Hefin aliinamisha kichwa upande, kuelekea walikotoka. "Nilishangaa alivyokuwa mtulivu."

"Usinichekeshe. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Katikati pamefifia, kama kioo kilichoguswa kwa dole lenye mafuta. Pembeni naona vizuri tu."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nisiendeshe gari."

"Na baiskeli?"

"Sikumwuliza. Naye hakusema."

Eluned alitamani kumpiga kwa pampu. Alikuwa ameogopa, na woga wake ukatoka kama ukali. "Umeniburuza kando ya maji asubuhi nzima huoni mbele, mzee wewe? Na kama tungezama?"

"Mfereji wenyewe unafika kiunoni."

"Na kule juu kwenye bwawa? Nako kunafika kiunoni?"

Hefin alishika usukani kwa mikono yote miwili, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ningekwambia, baiskeli hii ingeingia bandani, na mimi ningeingia kwenye kile kiti cha dirishani. Nikae nisikilize redio mpaka nife. Sikuwa tayari, Elu."

Eluned alikijua kiti hicho. Baba mkwe wake alikikalia miaka na miaka, blanketi magotini, akiuliza kama mvua imeanza. Hakutaka kumwona Hefin pale. Wala hakutaka kumwopoa bwawani. Waliisukuma baiskeli hadi Talybont, chai ikanywewa haraka, vikeki vya zabibu vikaliwa nusu. Kisha Eluned akafungua mfuko wa spana, akaanza kushusha kiti cha mbele.

"Unafanya nini?"

"Miguu yako mirefu. Pandisha cha nyuma."

"Hujawahi kuishika hii, mama. Ni ndefu, haikati kona upesi."

"Basi utanifundisha. Kunipigia kelele umeshazoea."

Mara ya kwanza waliingia kwenye nyasi. Mara ya pili nusura wamgonge bata. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisugua boti yake aliwatazama kwa furaha isiyofichika.

"Naona mmebadilisha dereva," akasema.

"Wa zamani amestaafu," akajibu Eluned, na safari hii baiskeli ikanyooka.

Mlima aliupanda akiwa amekaza mabega. Njia ambayo alidhani anaijua kama kiganja chake ilimwia ngeni kabisa. Alikuwa ameijua kwa pembeni, miti na kondoo wake, lakini hakujua panapogawanyika wala panapoteleza. Hefin aliijua yote. "Mbele pana geti, punguza," alisema nyuma yake. "Shika kushoto. Sasa gia nyepesi." Eluned akatii, na polepole mabega yakalegea.

Kileleni hawakukaa sana, upepo ulikuwa mkali. Kushuka, bwawa sasa likiwa kushoto, Eluned aliminya breki na kukazia macho changarawe. Jiwe. Shimo. Mzizi. Hakuthubutu kupepesa.

Nyuma yake maelekezo ya Hefin yalikuwa yamekatika, na Eluned akaanza kuogopa kwamba mumewe amenuna. Kisha akamsikia akiongea taratibu, kama mtu anayejisemea.

"Huku nyuma hakuna cha kutazama katikati. Ni mgongo wako tu."

"Pole."

"Hapana. Nasema ni pembeni tupu. Yote pembeni." Alicheka, kicheko ambacho Eluned hakuwa amekisikia tangu mwaka jana. "Elu, maua ya buluu yamejaa chini ya miti yote. Miaka yote yalikuwepo?"

"Miaka yote. Si nilikuwa nakuonyesha?"

Walifika penye maji ya kina kifupi, matete yakaanza, na Eluned akaona mzizi mwingine ukimjia.

"Korongo," Hefin akasema. "Kushoto, kwenye matete, anaruka. Umemwona?"

"Nimemwona," akasema Eluned, macho yakiwa kwenye mzizi.