Upana wa Evodia

Asubuhi ya Jumatatu Evodia alijaza upepo gurudumu la nyuma, akamwacha mwanawe Seth kwa jirani, akapanda baiskeli kutoka Nkuhungu kwenda Makole, alikokuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Barabara mpya ilikuwa imefunguliwa wiki iliyotangulia. Lami yake ilikuwa pana, na magari ya mitumba yaliyomiminika mjini tangu biashara iachiwe huru yalipishana bila shida. Waendesha baiskeli waliachiwa ukanda pembeni, kati ya lami na mtaro. Upana wake ulikuwa kiganja kimoja.

Watu walijaribu. Mwalimu mmoja aliingia mtaroni, akatoka na madaftari yamejaa tope. Seremala alipigwa begani na kioo cha gari. Haukupita muda baiskeli za Nkuhungu zikatundikwa ukutani, kuku wakalala juu yake, na wenyewe wakatembea kwa miguu wakidai wanafanya mazoezi.

Evodia hakuwa na hiari hiyo. Ofisini watu walikuwa wakipunguzwa, na mkuu wake alisema wazi kwamba angeanza na wanaochelewa. Basi aliendelea kupanda baiskeli, na mwili wake ukaanza kuwa mwembamba.

Hakukonda. Mashavu yalikuwa yale yale na ugali aliula kama zamani. Alipungua upana tu, kushoto na kulia, mpaka akaenea kwenye ukanda. Fundi cherehani alimpunguzia magauni, akamrudishia vitambaa vilivyobaki. Mumewe, aliyekuwa akinunua ng'ombe huko Chemba, alirudi nyumbani, akamtazama.

"Umepungua, mama Seth."

"Ni barabara."

"Ahaa," alisema mumewe, akaomba maji ya kuoga.

Kilichomuuma Evodia kilikuwa mgongo. Seth hakulala bila kubebwa, na sasa kila alipofungwa kanga aliteleza, mara kushoto, mara kulia, akalia kwa hasira. Ikabidi Mwantum, yule jirani, mwanamke wa Kondoa mwenye mgongo wa kutosha mapacha, ambebe yeye. Evodia alikaa kizingitini akimwangalia mwanawe akisinzia kwenye mgongo wa mtu mwingine. Alimwonea Mwantum wivu.

"Si uiache hiyo baiskeli, shoga yangu," Mwantum alimwambia. "Upana utarudi."

"Na kazi je?"

Mwantum aliendelea kumpigapiga mtoto matakoni.

Evodia alikwenda kwa mhandisi wa barabara, kijana mpole aitwaye Anyitike. Akamweleza yote, akaomba ukanda uongezwe. Anyitike alimsikiliza hadi mwisho, akachukua futi kamba, akampima bega kwa bega. Uso ukamkunjuka.

"Dada, mbona unaenea? Tena nafasi inabaki."

"Naenea kwa sababu nimepungua."

"Naelewa. Kusema kweli ule ukanda ulikuwa unaninyima raha. Wafadhili wameuliza sana habari za baiskeli. Sasa nina la kuwajibu."

Alimshukuru kwa dhati, akamsindikiza mpaka mlangoni. Barabara iliyofuata ilichorwa kwa kipimo cha Evodia, na kwa kuwa kulikuwa na nafasi iliyobaki, ukanda wa huko ukapunguzwa vidole viwili.

Evodia alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Machozi hakuyafuta, maana kwenye ukanda ule mtu haachii usukani.

Mvua zilipoanza, Mwantum aliitwa Kondoa kuuguza mama yake. Evodia hakuwa na mwingine wa kumwachia mtoto, na mkuu wake alimruhusu amlaze chini ya meza ya mashine. Kila asubuhi alimfunga Seth kwenye keria, wakaenda naye Makole, magari yakiwapita karibu kiasi cha kuwapeperushia nguo.

Jioni moja mtoto alikuwa na usingizi, akamng'ang'ania miguuni. Evodia alimweka mgongoni kwa kujaribu tu, akafunga kanga. Seth hakuteleza. Alikaa katikati sawasawa, akalaza shavu, akalala.

Evodia alimpapasa mabega kwa nyuma, kwanza moja, kisha la pili, karibu mno na la kwanza. Alijua kwa nini mtoto ameenea. Alizunguka naye uani akimwimbia, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu barabara ifunguliwe, na hakumshusha mpaka giza lilipoingia.