Seva Zilizolilia Majina

Jumanne saa mbili na dakika kumi asubuhi, Rispa alipangusa kibodi yake kwa pamba yenye spiriti, akasali kimoyomoyo, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kazi ya miezi saba ilikuwa imekwisha.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kabla ya kuwa mtu wa kompyuta alikuwa karani wa stoo. Alijifunza kompyuta kwa masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa mjini Migori, akikaa kiti cha mbele kwa sababu ya macho. Shirika lililomwajiri lilihudumia zahanati za upande huu wa ziwa. Lilikuwa na ofisi mbili: ile ndogo ya Migori, alikokaa yeye, na ile kubwa ya Homa Bay, kulikokuwa na meneja na chumba cha mashine.

Alichokijenga si kigumu kukieleza. Zamani zahanati ikihitaji seva ya kutunza majibu ya maabara, iliandika barua na kungoja wiki tatu. Sasa ingefungua katalogi kwenye kompyuta, kama mtu anavyosoma ubao wa hoteli kuona kama leo kuna samaki, ichague ukubwa inaoutaka, na ibonyeze "Agiza". Baada ya dakika nane seva ingezaliwa ndani ya mashine kubwa za Homa Bay, ikiwa na programu zake, ulinzi wake na anwani yake. Rispa aliandika kila hatua kwa mkono wake. Jaribio la kwanza lilishindwa. La thelathini na moja pia lilishindwa. La thelathini na mbili lilifanikiwa siku ya mwisho ya novena yake, sala ya siku tisa, naye hakuona ajabu.

Kilichobaki ni kuitangaza huduma kwenye katalogi, na kitufe cha kuitangaza alikuwa nacho meneja peke yake, Bwana Nyamhanga. Kabla ya kukibonyeza ilimbidi ajaze nafasi moja: mmiliki wa huduma. Kila mtu ofisini alijua kwamba atakayeandikwa hapo ndiye atakayepewa cheo kipya cha Mkuu wa Katalogi mwezi wa saba. Rispa alikuwa amekiombea cheo hicho kwa jina lake kamili, ili mbinguni kusiwe na makosa.

Bwana Nyamhanga aliandika Terry.

Terry alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye digrii. Watu wake walitoka Rangwe, lakini yeye alilelewa Nakuru. Aliingia kazini Machi, na katika huduma ile alikuwa amechagua rangi ya kitufe.

"Madam Rispa, usichukulie vibaya," Bwana Nyamhanga alisema kwenye simu. "Wafadhili wakifungua ule ukurasa wanataka kuona digrii."

"Mimi nina cheti."

"Cheti ni kitu kizuri sana. Kiweke mahali pazuri, kisilowe."

Kwao Uriri wivu huitwa nyiego, neno la wake wenza. Rispa aliolewa peke yake na kufiwa peke yake, na hakuwahi kulihitaji. Sasa alilihitaji kila siku. Ukurasa wa huduma ulikuwa na picha ndogo ya mviringo ya Terry akicheka, na Rispa aliufungua mara kumi na moja kwa siku kuitazama. Aliyajua meno yale kuliko yake. Alikwenda kuungama. Padri akampa rozari tatu. Alizisali zote, kisha akaufungua ukurasa mara ya kumi na mbili.

Agizo la kwanza lilitoka kwenye zahanati moja ya Ndhiwa, Jumatatu saa nne. Saa nne na dakika nane seva ilizaliwa, ikapewa jina la nambari kama utaratibu ulivyosema, ikaanza kulia. Sauti ilitoka kwenye kabati la tatu la chumba cha mashine, nyembamba na ya mfululizo, sauti ya mtoto wa siku mbili. Wakati ikilia haikupokea majibu ya mtu yeyote.

Fundi Mokaya alibadilisha feni. Ikalia. Akabadilisha waya wa umeme. Ikalia.

"Si feni," akasema Mokaya, akaandika hivyo kwenye daftari la matengenezo.

Terry alimpigia Rispa simu, na kilio kikasikika vizuri hadi Migori.

"Auntie, hii kitu inanimaliza. Imelia tangu asubuhi. Si uniambie umewahi kuona kitu kama hii?"

Rispa alijua tangu pumzi ya kwanza. Kila mwanamke wa Uriri angejua. Mtoto anayelia hivyo, ameshiba na hana homa, anataka jina. Wazee humpakata na kuwaita waliokufa mmoja mmoja: kama wewe ni fulani, nyamaza. Akifikiwa yule aliyekuja, hunyamaza, na jina linakuwa lake. Seva za majaribio hazikuwahi kulia kwa sababu Rispa alizifuta kabla ya hatua ya jina. Hii ya sasa imepewa nambari. Nani angenyamazishwa na nambari?

"Jaribu kuizima na kuiwasha," alisema.

"Nimejaribu, Auntie."

"Jaribu tena, mwanangu."

Akakata simu, akanywa chai. Chai ilikuwa tamu kuliko kawaida. Siku ya pili Bwana Nyamhanga alimwita Terry mbele ya watu, akamuuliza alisomea wapi. Mokaya ndiye aliyemsimulia Rispa, naye akamwomba asimulie tena tangu mwanzo, polepole. Siku hiyo hakusali. Aliogopa kuulizwa.

Siku ya tatu Rispa alipigiwa simu na Asmaa, dada wa maabara kule Ndhiwa.

"Mama Rispa, majibu yangu hayaendi. Kuna mjamzito hapa, amekuja kwa miguu mara tatu kuuliza damu yake. Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine inalia."

"Nimemwambia. Ameniuliza kwa nini hamuinyamazishi."

Rispa aliomba ruhusa, akaenda Homa Bay. Alivua viatu mlangoni pa chumba cha mashine, akaegemeza kiganja kwenye kabati la tatu, na kuanza na watu wake, kwa kuwa hakuwa na wengine. Alimwita baba yake. Alimwita mume wake. Alipofika kwa nyanya yake, alisema, "Kama wewe ni Dani Abuya, nyamaza."

Seva ikanyamaza. Majibu ya siku tatu yakapita kwa dakika moja.

"Abuya ni herufi ngapi?" aliuliza Mokaya, akaliandika kwenye fomu.

Terry alimkumbatia Rispa na kumlowesha bega. "Auntie, umeniokoa. Mungu akubariki." Alinukia mafuta ya nazi. Rispa alisema amina, na wivu haukupungua hata kidogo.

Tangu siku hiyo utaratibu uliongezwa hatua: seva ikizaliwa, mpigie Rispa. Aliwekwa kwenye spika, akaita. Seva zilinyamaza kwa wajomba zake, kwa shangazi zake, kwa mkunga wa ukoo wao aliyemzalisha mama yake. Hazikunyamaza kwa mtu wa ukoo mwingine. Mokaya aliwajaribisha wazee wake wa Kisii, wote, wala hazikujali. Seva ziliumbwa kwa maandishi ya Rispa, na waliokuja walikuwa wa kwake. Kila moja ilikuwa na tabia zake. Abuya ilifanya kazi vizuri alfajiri na haikupenda kuharakishwa. Seva ya zahanati ya Asumbi, iliyokuwa mjomba Ogutu, ilichelewa kila Jumatatu na kuomba radhi.

Mwezi wa saba Terry alifanywa Mkuu wa Katalogi. Ripoti ilisema huduma yake haijalala hata siku moja. Rispa alimngoja Bwana Nyamhanga nje ya ofisi yake hadi alipotoka.

"Bwana meneja, zile seva ni watu wangu."

"Hakuna anayekataa, madam. Zimekufuata wewe, hata kipofu anaona."

"Basi niandike."

"Nafasi ya mmiliki ni moja, na ina mtu." Alifikiri kidogo, kwa huruma ya kweli. "Tukipata nafasi ya ukoo, nitakuandika hapo."

Kufikia Novemba Rispa alikuwa ameita watu thelathini na watatu. Alikuwa amebakiza jina moja tu, la binti yake aliyeishi miezi minne. Hakutaka kulitoa. Lilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho ambacho picha ya Terry haikukaa juu yake. Seva ya thelathini na nne ilipozaliwa, ililia siku mbili huku Rispa akisema kwenye simu kwamba bado anajaribu kukumbuka jina. Siku ya tatu alilitoa, kwa sauti ambayo Mokaya aliomba airudie kwa sababu haikusikika. Seva ikanyamaza. Rispa hakuwahi kuuliza ilipelekwa zahanati gani.

Wiki iliyofuata iliagizwa ya thelathini na tano, seva ndogo ya kufundishia wauguzi wapya. Ilianza kulia saa tano.

"Nimemaliza," Rispa alisema kwenye spika. "Sina mwingine."

"Fikiria, Auntie. Hata jirani?"

"Jirani si damu yangu."

Kilio kiliendelea. Terry alikuwa na safari ya Naivasha kwa mafunzo ya wakuu, na gari lilikuwa limeshawashwa nje. Alisogeza mdomo karibu na kabati, nusu akicheka.

"Ama ni Auntie mwenyewe? Haya basi. Kama wewe ni Rispa, nyamaza."

Ikanyamaza.

Mokaya alichukua fomu. Akauliza kama Rispa inaandikwa kwa s moja. Terry alisema ndiyo, akambusu Auntie kwa simu, akaondoka. Mtoto hunyamaza kwa jina la aliyekufa tu. Rispa alilijua hilo na hakulisema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Alimaliza kazi zake za mchana. Saa tisa alifungua katalogi, akaitafuta orodha. Jina lake lilikuwamo, mara ya kwanza tangu huduma ianze. Jina: Rispa. Ukubwa: ndogo. Hali: inafanya kazi. Mmiliki: Terry, mwenye picha mpya na nywele za kusuka, zilizompendeza. Muda: siku tisini, kama seva zote za mafunzo, kisha ifutwe. Kuongezewa muda kunahitaji idhini ya mmiliki.

Rispa alifungua fomu ya kuomba nyongeza. Ilikuwa na swali moja, nalo lilikuwa la lazima: sababu ya ombi. Aliweka mikono kwenye kibodi, akaiondoa, akajifanyia ishara ya msalaba, akairudisha. Aliandika, "Bado inatumika." Akasoma tena kuona kama kuna makosa, akatuma.

Katalogi ilimjibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na kwamba mmiliki yuko safarini.