Doa Usoni pa Babu

Bibi na babu wana picha moja tu ya harusi yao, nayo haijawahi kuchapishwa. Mpiga picha aliianika filamu ikiwa bado inachuruzika. Tone moja likakaukia kwenye negativu na kuacha doa usoni pa babu. Tangu hapo babu hujisifu kwamba chini ya doa hilo kuna kijana mtanashati asiye na mfano.

Leo wanaadhimisha ndoa yao. Asubuhi bibi alinikabidhi negativu.

“Mke mwenzangu, nitafutie huyo kijana kabla wageni hawajafika.”

Kazi yangu ni kuskani picha za zamani. Vumbi halikunisumbua, nililipeperusha kwa kipulizio cha mpira, nikaskani. Doa lilibaki palepale. Niliiamuru kompyuta ilifute. Ilibahatisha, ikampa babu shavu la rangi ya ukuta.

“Sikuolewa na ukuta,” alisema bibi.

Niliigeuza negativu kwenye mwanga. Doa lilikuwa upande unaong’aa, si upande wenye picha. Lingeweza kuoshwa. Hata hivyo, filamu kongwe ikilowa, picha inaweza kubanduka, na nyingine hatuna.

“Ioshe, mchumba,” alisema babu. “Mimi nimebanduka nywele zote na bado napendwa.”

Nilifungulia maji ya moto bafuni ili mvuke ushushe vumbi. Kisha niliiloweka negativu katika maji safi ya kuongezea betri ya gari, yasiyo na asidi wala chumvi ya kuacha doa, nikaipangusa taratibu na kuianika humo bafuni kwa kibanio. Bibi aliweka kiti mlangoni, akakikalia.

Mjomba alitokea na taulo begani.

“Mama, nanuka jasho.”

“Nuka tu, mwanangu. Baba yako anakauka.”

“Na wageni je?”

“Utakaa dirishani.”

Ilipokauka niliiskani tena. Wote walijazana nyuma yangu. Picha ilikuwa salama na doa halikuwapo. Babu alionekana wazi kabisa: kijana mwembamba, macho yamefumbwa, mdomo wazi, chafya imemfika puani.

Mjomba alicheka hadi akakaa sakafuni.

“Ukumbi ule ulikuwa na vumbi!” babu alijitetea. “Mchumba, kompyuta yako haiwezi kunifumbua macho?”

Bibi aliudaka mkono wangu juu ya kipanya.

“Asiguswe! Chapisha hivyohivyo, tena kubwa.” Alipangusa machozi ya kicheko, akausogelea uso ule. “Huyu ndiye aliyenioa.”