Nusu ya Pili ya Silinda

Wendell Stroud nimemfuta kamasi kwa mikono yangu hii, kwa hiyo nikimwita mjinga mnivumilie. Mtu akinunua mashine mpya huuliza inavyofanya kazi. Yeye hakuuliza.

Huku kwetu Pennsylvania tulizoea silinda za nta za fonografu, zile za dakika mbili. Unaivika mashine nta yako, unateremsha sindano, na wimbo unakwisha kahawa ingali ya moto. Kisha zikaja za dakika nne. Kwa macho ni kitu kilekile, urefu uleule, unene uleule. Mifereji ya sauti tu ndiyo imekuwa myembamba na kubanana. Mume wangu Orrin aliitia fonografu yetu gia na sindano ya pili, basi tunacheza zote. Wendell kule Newark alinunua mashine ya dakika nne, akajirekodi kwa hesabu ya zile mbili alizokulia nazo. Alipomaliza salamu zake alidhani nta imejaa, akageuka kuongea na mkewe. Tarumbeta la mashine, lile linalonasa sauti, likaendelea kusikiliza.

Salamu zilikuwa za mama yake, Bi Almeda, jirani yangu. Wendell alikuwa anamwita akakae naye mjini. Nyumba ya Bi Almeda ilikuwa imeshauzwa, kwa ushauri wa mwana huyohuyo, wenye nyumba wapya wanaingia Jumatatu, na pesa zilikuwa zimeshatangulia Newark. Kilichobaki ni mama kuzifuata.

Silinda ilipofika alinijia nayo, kwa kuwa yeye hana mashine. Mimi na domo langu nikawaalika wanawake wa kanisani waje kumuaga. Nikaoka pai ya tufaha. Tabitha, mke wa shemasi, akashika kiti cha mbele kabisa, kama kawaida yake.

“Ataimba?” akauliza.

“Wendell?” nikamjibu. “Huyo kwenye kwaya alikuwa anafunua mdomo tu.”

Bi Almeda akacheka zaidi yetu. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. “Hata yeye mwenyewe hajaisikiliza,” akatuambia. “Nta ya kujirekodia nyumbani huchakaa kila ikichezwa, kwa hiyo kaniachia mimi niwe wa kwanza.”

Kasha lilikuwa limeandikwa dakika nne, nikaweka gia yake, nikaiwasha. Sauti ya Wendell ikatoka, nyembamba kidogo lakini ni yake. “Mama, chumba chako kiko tayari, kina dirisha la bustani. Corinne anahesabu siku. Njoo upumzike, mama, umetulea vya kutosha.” Wanawake wakafuta macho. Nami nikafuta, Mungu anisamehe.

Kisha ikabaki mikwaruzo. Nikanyoosha mkono niinue sindano.

“Iache, Lovina,” Bi Almeda akasema. “Pengine ana neno jingine.”

Alikuwa nalo. Kwanza tulimsikia Corinne, mkewe, kwa mbali: “Dirisha la bustani lipi, Wendell? Si ile stoo ya makaa?”

“Nitaipaka rangi.”

“Na mimi nitamuuguza mpaka lini?”

“Mvumilie tu. Pesa si zimeshaingia? Na kwani ana miaka mingapi tena ya kuishi, yule?” Akacheka. Ni kicheko kilekile cha utotoni.

Nikainua sindano, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Uso uliniwaka, nikatamani ardhi ipasuke inimeze na pai yangu. Hakuna aliyemtazama Bi Almeda. Kila mtu aliitazama sahani yake. Tabitha, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akasema pai imeiva vizuri.

Bi Almeda akasimama. Akaitoa silinda kwa vidole viwili alivyoingiza kwenye tundu lake, bila kuigusa nta, akairudisha kwenye kasha lake. “Asanteni kwa kuja kumsikiliza mwanangu,” akasema. Sauti haikutetemeka. Shingo ndiyo ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kola.

Walipoondoka nikamwambia asiende popote, akae kwetu, tutabanana.

“Najua mtabanana.”

“Basi kaa.”

“Nikae, halafu kila Jumapili Tabitha anionee huruma kanisa zima likitazama?” Akanishika mkono. “Kule angalau hawajui kwamba najua. Nawe usimwandikie, Lovina. Niapie.”

Nikamwapia.

Jumatatu nikamsindikiza stesheni. Wendell alikuja mwenyewe kumchukua, kofia mpya kichwani, akambusu mama yake shavu la kulia na la kushoto. Nilifumbata mikono ndani ya shali, isije ikafanya lake.

“Mama, silinda uliisikia? Ilicheza vizuri?”

“Niliisikia, mwanangu,” Bi Almeda akasema, akimpa mkono ampandishe kwenye behewa. “Ilikuwa fupi.”