Foleni ya Tatu

Laini ya data iliyotoka ofisi ya shamba la chai, Kericho, hadi Nairobi ilikuwa nyembamba, na mwaka ule wa 1998 kila mtu alitaka kupita humo kwa wakati mmoja. Meneja akamwagiza Joab, fundi wa mtandao, aipange. Joab akaweka foleni tatu. Kila pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, ikawa inapigwa alama kwenye ruta, mashine inayoelekeza data njiani: bei za mnada wa chai kwanza, kisha ripoti za kiwanda, na mwisho kabisa barua pepe za wafanyakazi. Laini ikijaa, hizo za mwisho husubiri, au hutupwa. Ilikuwa kazi safi, na wa kwanza kuumizwa nayo akawa yeye mwenyewe.

Maana mkewe, Dorcus, alikuwa Uingereza akisomea uuguzi, na mawasiliano yao yalikuwa kwa barua pepe. Mwezi wa kwanza aliandika kila siku. Wa pili, mara mojamoja. Sasa wiki sita zilikuwa zimepita kimya. Joab hakumlaumu hata kidogo. Alilaumu laini. Kila alipofungua sanduku lake la barua, kompyuta ilihangaika dakika kumi kisha laini ikakatika, naye akarudi kwenye nyumba ya kampuni kula ugali peke yake, akijiambia kwamba barua zimekwama Nairobi. Mganga hajigangi, ndiyo hivyo.

Jumamosi moja adhuhuri uvumilivu ukamwishia. Akaingia kwenye ruta, ya hapa na ile ya Nairobi, akaipa kompyuta yake alama ya foleni ya kwanza, mbele ya mnada wenyewe. Akigunduliwa, angefutwa kazi. Aliogopa na, kusema kweli, alifurahi. Akafungua sanduku.

Jibu lilikuja kabla hajaegemea kiti. Hakuna barua mpya.

Akajaribu tena. Likaja upesi vilevile.

Chepkirui, karani wa ofisi, akachungulia mlangoni, mkoba begani. "Joab, naona leo laini iko sawa."

"Iko sawa kabisa," akasema.

"Basi funga twende. Hata wewe unafaa kupumzika."

Akamwambia atangulie. Kisha akairudisha kompyuta yake kwenye foleni ya tatu, ili Jumatatu awe tena na laini ya kulaumu.