Mji kwa Dokta Kasiani

Nakutegea wewe unayesoma: shamba nalima mimi, kuvuna anaanza yeye, na kikao cha ukoo hajawahi kuitwa. Nani huyo? Fikiri, usione haya. Ukishindwa unanipa mji, nami sina ujanja tena, lazima nikujibu. Ndivyo tunavyocheza kwetu Uluguru. Unanipa Msamvu? Haya, nimepokea. Ni panya.

Panya ndiye aliyemleta mjukuu wangu Devotha nyumbani mwaka wa tisini na nne. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuchipua, hata Morogoro Mjini, naye alipata kazi kwenye moja, ofisi chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Dilip. Habari yake ya kwanza ilimhusu Dokta Kasiani, mtafiti wa panya. Alinisomea jikoni huku napepeta maharage: ukiloweka mbegu ya mahindi kwenye dawa ya Dokta, panya hafukui.

Nikatazama juu ya moto. Mbegu yangu ya msimu mzima ilining'inia pale, imekolea moshi.

"Niiloweke yote?"

"Dokta kasema, Bibi."

"Mashamba ya huku mlimani kajaribu mangapi?"

Akaweka kalamu mdomoni.

"Hukumuuliza?"

"Bibi, yule mtu mzima! Nimemwamkia, nikakaa, akasema, nikaandika. Nimhoji kama polisi?"

"Na majirani wakisoma, wakaloweka, mahindi yakagoma kuota? Watamfuata Dokta au watanifuata mimi?"

"Mhariri anaitaka kesho. Kichwa ameshakiandika: Panya Kwisha Kazi."

"Mhariri wako analima wapi?"

Akacheka, lakini chakula hakumaliza.

Asubuhi tuliteremka pamoja, mimi na mkungu wangu wa ndizi. Dokta Kasiani alitupokea ofisini kwake, mvi kichwa kizima, soksi hii nyeusi, hii ya kahawia. Devotha akaamkia, akakaa, magoti yamebana, daftari mapajani.

"Samahani, Dokta. Kule mlimani umejaribu mashamba mangapi?"

Dokta akatazama dirishani. Akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Akatusimulia ya Kihonda, kwenye tambarare, jinsi mbegu zilivyoota safu nzima bila pengo. Akaagiza chai. Tukanywa, nzuri, ina tangawizi. Mlimani, hata kwa maneno, hakupanda.

Waandishi wa zamani wangeshukuru na kuaga, habari ikatoka kama ilivyosemwa. Nikamwona mjukuu wangu naye anafunga daftari. Nikamgusa mguu chini ya meza. Akanitazama, kisha akalifungua upya.

"Dokta, nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

Mzee akashtuka. "Mji gani?"

"Kihonda yote, na mahindi yake."

Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. Nikajua naye alilelewa na bibi, na kwamba anaelewa: ukishapokea mji, huna pa kujificha. Nami moyo wangu ukatulia tuli, kama nimeshavuna. Akafuta macho kwa leso, akanitazama mimi, akatazama mkungu wa ndizi mlangoni, mwisho akamgeukia Devotha, ambaye kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Hata moja, mwanangu," akasema. "Andika hivyo hivyo. Natafuta la kwanza."