Mhuri wa Saa Moja Asubuhi

Haya, kaa vizuri nikutegee. Kina mgongo lakini hakibebi mzigo, ukikifunua kinaamka, ukikifunika kinalala. Hujui? Nipe mji. Nimekwenda, nimepokewa vizuri, nimerudi: ni kompyuta mpakato. Na hii ninayoisema ni ile mpya ya kifahari, nyembamba kama daftari la darasa la kwanza.

Kiwandani, meza ya ukaguzi ilikuwa ghorofani, chini ya feni iliyokwama. Mkaguzi wake alikuwa na miaka kumi na tisa pale, na wote walimwita Mama Mhuri. Kazi yake ilikuwa kutazama kioo, kuchomeka waya kwenye kila tundu, kisha kugonga mhuri wa IMEKAGULIWA kwenye karatasi. Tangu toleo jipya lianze, msimamizi alimletea karatasi mia tatu saa moja asubuhi, zigongwe zote kabla ya chai. Kompyuta zenyewe zilifika mchana, zikaguliwe muda ukibaki. Muda haukubaki hata siku moja.

Sasa, kompyuta iliyogongewa mhuri kabla haijaunganishwa hufika mezani ikijua imeshapita, na haijisumbui tena. Vioo vikaanza kuvuja kwenye kona ya chini, kushoto. Kilichovuja ni asubuhi: mwanga wa jua changa, wenye joto lake na harufu ya umande. Matundu ya chaji nayo yalipiga chafya. Ukichomeka waya, tundu linatulia, linavuta pumzi, chya! Waya uko sakafuni.

Hakuna aliyeshtuka. Wafungaji wa maboksi waliacha kompyuta moja wazi, wakaanikia vitambaa vyao. Mama Mhuri aliruhusiwa kupeleka nyingine nyumbani, na mumewe, fundi cherehani, akaiweka karibu na sindano zake.

"Mama watoto, leo uzi nimetunga mara moja tu," alisema. "Hii kasoro tamu."

"Kasoro ni kasoro, baba watoto."

"Basi usiirudishe!"

Wakacheka, mke akamsaidia kukunja kola.

Jumatatu akaja kiwandani mkunga mstaafu, kompyuta yake ameiviringisha kwenye blanketi la mtoto mchanga. Alikuwa akiandika kitabu cha watoto wote aliowapokea, lakini kila alipochomeka chaji, tundu lilipiga chafya, na betri ikaisha katikati ya sentensi. Mapacha wa mwaka wa mafuriko walikuwa wamepotea wote wawili. Kiwanda kiliweza kumrudishia kurasa zake na kumpa kompyuta nyingine, ila kanuni ilitaka mkaguzi akiri kwa kinywa chake kwamba hii ilipita bila kutazamwa. Na mkaguzi aliyekiri hushushwa chumba cha maboksi, ambako watu husimama kutwa. Mama Mhuri alikuwa na magoti mabovu.

"Nani aliikagua hii?" mkunga aliuliza pale mapokezi.

Msimamizi akamwonyesha karatasi. "Mhuri huo hapo, mama. Mwekundu kabisa."

"Mhuri nimeuona, mwanangu. Mimi nimeuliza mtu."

Msimamizi akaagiza aletewe chai.

Jumanne mkunga alirudi, na Jumatano pia. Alikaa na kompyuta mapajani, asubuhi ikimmulika kidevu mchana kutwa, akaonekana ana raha zake. Mama Mhuri alipopita, alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyeikagua?"

"Niwahi kazini, mama, nimechelewa."

"Wahi, mwanangu. Mimi nimepokea watoto elfu mbili na ushee, na sikuwahi kuandika 'mzima' kabla mtoto hajatoka. Wengine walinichelewesha siku mbili, watundu wale! Nikangoja."

Mama Mhuri akapanda ngazi polepole, ameshika magoti.

Alhamisi karatasi zilikuwa mia nne. Alizigonga zote, maana ndiyo kazi. Alipomaliza akafuta mhuri kwa kitambaa, akafunika kidau cha wino, akasimama.

"Unakwenda wapi?" msimamizi aliuliza.

"Kuna mtu ananingoja chini."

Msimamizi alielewa. Hakugomba, alimwita binti wa mapokezi aje akalie kiti kingali na joto, akamsogezea karatasi za Ijumaa. Mama Mhuri akiwa katikati ya ngazi alisikia mhuri ukianza tena juu yake, ko, ko, ko, na binti ana mkono mwepesi.

Mkunga alisogea kwenye benchi, akampisha mahali penye jua. Mama Mhuri akakaa, akanyoosha miguu, joto likamwingia magotini.

"Hakuna aliyeikagua, mama," alisema. "Mhuri ni wangu. Macho sikuyaweka."